Bibi Shamba na Mashimo ya Mbwemkuru

Jumanne iliyopita, nikiwa sokoni Ruangwa natafuta mbegu za mchicha, muuza mbegu aliniuliza kama nimesikia kwamba bibi shamba amefariki. Sikumwuliza bibi shamba yupi. Wamepita wengi katika wilaya hizi mbili, Ruangwa na Nachingwea, na baadhi yao walikuwa hodari kweli, lakini ukisema bibi shamba bila kuongeza neno, watu wa huku wanajua ni yule mmoja aliyekuja kutoka Njombe akiwa bado kijana na akakaa nasi mpaka akaota mvi. Alifia Nachingwea kwenye chumba cha kupanga, saa nane mchana, kwa ugonjwa wa presha, na aliyemkuta ni jirani aliyekwenda kuazima kinu. Nililipia mbegu zangu nikaondoka. Wasomaji wangu wa siku nyingi watatarajia nimsindikize kwa maneno mazuri, kama nilivyowasindikiza wengine katika safu hii. Mazuri ninayo, lakini kwanza lazima niseme kwamba niliwahi kuandika juu yake akiwa hai, hapahapa, na nilichokiandika hakikuwa kweli.

Tulifahamiana nikiwa bado mwalimu wa sekondari. Mimi ni mtu wa Tabora, yeye wa Njombe, kwa hiyo wote wawili tulikuwa watu wa kuja, na watu wa kuja hutafutana. Aliajiriwa na mradi mmoja wa kilimo ambao siku hizi haupo tena, na jina lake sina haja ya kulitaja. Wenzake wa mradi walikuwa wakifika kijijini kwa pikipiki, wanasimama pembeni ya shamba, wanaeleza nafasi kati ya shina na shina, wanasainisha karatasi ya mahudhurio na kuondoka. Yeye alifika na sururu, sepetu, kisu cha jikoni na ndoo. Kabla hajasema lolote kuhusu mbegu, aliomba ruhusa ya kuchimba. Alichimba shimo la kufika kiunoni pembeni ya mmea, akaunyoosha ukuta mmoja wa shimo ukawa kama wa nyumba, kisha akaingia ndani na kuanza kuukwangua udongo taratibu kwa kisu mpaka mizizi ikajitokeza yote, mzizi mkuu na vinyweleo vyake. Akaiosha kwa maji ya ndoo, akaipima kwa shubiri za mkono wake, ndipo akazungumza. Alikuwa akituambia kwamba majani yanaweza kubaki kijani siku nyingi baada ya mmea kuanza kufa, kwa hiyo anayetazama majani peke yake hupata habari zilizochelewa.

Sasa, kuchimba shimo Ruangwa si jambo dogo. Huku chini kuna vito, na kila mtu ana shemeji au binamu aliyewahi kuokota jiwe la kijani na kurudi nyumbani na mabati. Shimo lake la kwanza, kule kijijini Likunja, alilichimba siku ya Ijumaa katikati ya mahindi ya watu. Aliporudi Jumatatu alikuta limechimbwa mara tatu ya kina alichokiacha, mahindi yote ya jirani yameng'olewa, na wanaume sita wamekaa kwenye kivuli wakimsubiri awaonyeshe mkanda wa mawe unakoelekea. Mtendaji wa kijiji alimwita ofisini ajieleze. Alieleza kwa saa nzima kwamba alikuwa anatazama mizizi ya mahindi. Mzee mmoja aliyekuwamo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba mtu aliyesoma mpaka chuo hawezi kutoka Njombe kuja kuchimba shimo kwa ajili ya mahindi, kwa hiyo bora aseme ukweli wagawane. Bibi shamba alinisimulia kisa hicho akicheka mpaka machozi. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Mzee huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa rafiki yake mkubwa. Alikuwa na ekari mbili za udongo mwekundu alizozilima tangu ujana wake, na kwa miaka kadhaa mahindi yake yalikuwa yakinyauka mvua ikikatika siku kumi tu, wakati ya jirani yake, hatua thelathini kutoka hapo, yanaendelea kusimama. Alikuwa na hakika amefanyiwa jambo. Alikwisha kwenda kwa mganga ng'ambo ya mto, akazika dawa kwenye pembe nne za shamba, na salamu na jirani zikakatika. Bibi shamba alimwomba ruhusa ya kuchimba. Nilikuwapo siku hiyo, maana ilikuwa likizo na nilikuwa nimetembelea wanafunzi wangu wa Likunja. Alichimba shimo la kwanza kwa mzee na la pili kwa jirani. Kwa jirani mizizi ilishuka zaidi ya shubiri nne, inapinda huku na huku lakini inashuka. Kwa mzee ilishuka shubiri moja tu, halafu yote, kama iliyoamriwa, ikageuka na kutambaa pembeni. Pale ilipogeukia palikuwa na tabaka gumu jembamba, limeshindiliwa kama sakafu. Alimpa mzee kisu ajaribu kulichoma. Kisu kilipinda ncha.

"Mwanangu, nani kaniwekea hiki?" mzee aliuliza.

"Si mkono wa mtu, babu," alimjibu. "Ni mkono wako mwenyewe. Miaka yote jembe lako linashuka kina kilekile, na pale linapoishia linagonga na kukandamiza. Mizizi yako inaishi kwenye sahani. Mvua ikikatika, sahani inakauka."

Nadhani kwa mtu mzima kuambiwa kwamba hakuna adui ni kugumu kuliko kuambiwa adui yupo. Lakini alifanya alivyoelekezwa: alilipasua tabaka lile kwa sururu kipande kwa kipande, akapanda mbaazi ambayo mzizi wake mkuu una nguvu ya kupenya pagumu, akayaacha mabaki yaozee shambani badala ya kuyachoma. Msimu wa pili nilipopita, mahindi yake na ya jirani yalikuwa hayatofautiani, na wawili hao walikuwa wanasalimiana. Sijui ofisi gani huandika faida ya namna hiyo kwenye ripoti yake.

Kwake nilijifunza yale ambayo shule haikunifundisha vizuri, ingawa nilikuwa nayafundisha. Kwamba udongo wa kichanga huufungulia mzizi njia, ukashuka haraka na mbali, lakini maji na chakula navyo hushuka haraka, kwa hiyo mmea hulazimika kukimbizana navyo chini. Kwamba mfinyanzi hushika maji na una chakula tele, lakini mzizi huupenya kwa taabu. Mvua ikizidi maji hutuama, hewa ikakosekana, mzizi ukaoza. Na kiangazi udongo huohuo ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu na kuvikata vinyweleo vyake. Kwamba muhogo uliozaliwa kichangani hunyooka kama mkono, na wa kwenye udongo mgumu hujikunja na kuwa na mafundo. Hakuna udongo mbaya, alikuwa akisema, kuna mmea uliopelekwa pasipo pake. Mpunga hufurahia mahali ambapo mkorosho hufa.

Na hapo ndipo tunapofika Mbwemkuru. Mradi uliamua kuanzisha huko shamba la pamoja la mikorosho kwa ajili ya kikundi cha akina mama. Miche ilikwisha kuagizwa, iko kwenye viriba, na siku ya uzinduzi ilikwisha kupangwa. Kilichobaki kilikuwa ardhi. Wakubwa wa mradi walichagua bonde tambarare lililo kando ya barabara, kwa sababu magari ya wageni yangefika bila shida na bango lingeonekana. Bonde hilo lilikuwa la udongo mweusi wa mbuga, na akina mama hao walikuwa wakilima humo mpunga wao wa kila masika, mpunga ambao bibi zao pia waliulima. Bibi shamba alichimba mashimo matatu. Yote matatu yalionyesha jambo moja: kuanzia kina cha goti kwenda chini ni mfinyanzi mzito usiopitisha maji, na mkorosho ni mti unaotaka kichanga chenye kina ili uteremshe mzizi wake mkuu. Aliandika ripoti. Aliwaita pia akina mama wale, akawaingiza kwenye shimo mmoja mmoja waguse kwa mikono yao, akawaambia kwamba mikorosho ipandwe kule juu kwenye mwinuko, kwenye kichanga, na bonde libaki la mpunga wao. Wengi walimwelewa. Mkuu wake naye alimwita, akamwambia kwamba kazi aliyoajiriwa ni kupanda, kuchimba hakumo kwenye mkataba.

Wiki hiyo ofisi ya mradi ilinialika kwenye uzinduzi. Nilikuwa nimeanza kuandika safu hii na nilifurahi kutambuliwa. Nilipelekwa kwa gari lenye kiyoyozi, nikapewa soda, nikasikia hotuba; miche ilikuwa bado kwenye viriba, ikisubiri akina mama wakubali. Njiani mkuu wa mradi alinisimulia kwa masikitiko makubwa kwamba kuna mtumishi wao mmoja anawatia wananchi hofu, anawazungusha kwenye mashimo, na pengine anatumiwa na watu wasiotaka akina mama wainuke. Sikumtaja kwa jina nilipoandika. Nilimwita "Mama Mashimo." Niliandika kwamba wapo wataalamu ambao ukiwapa shamba wanakurudishia makaburi, na kwamba maendeleo hayawezi kumsubiri mtu anayepekua udongo kama kuku. Sentensi ile ya kuku niliipenda sana. Wasomaji waliipenda pia, barua zilikuja. Baada ya mwezi jina lile lilikuwa vinywani mwa watoto wa shule. Wanafunzi wangu mwenyewe walimwita hivyo akipita na ndoo yake. Yeye hakuniandikia wala hakunipigia. Tulipokutana stendi alinisalimia kwa heshima kama siku zote, ila aliacha kunisimulia habari za kazi.

Masika ya kwanza mikorosho ilisimama. Ya pili mvua zilikuwa nyingi, bonde likajaa maji kama linavyojaa kila mara, na miche ikaanza kuwa ya njano kuanzia majani ya chini. Kilipoingia kiangazi, udongo ukapasuka, na iliyokuwa imebaki ikafa. Mradi ulituma kamati kutoka makao yake makuu. Mimi sikuwapo, haya nimeyasikia kwa watu wawili waliokuwapo na wamekubaliana kila neno. Bibi shamba aliingia shambani na sururu, akachimbua mkorosho mmoja uliokufa, akauosha na kuuweka juu ya meza mbele ya kamati. Mzizi wake mkuu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mfinyanzi, ukajikunja kama kiwiko, ukarudi juu, na kutoka kwenye kiwiko kwenda mbele ulikuwa mweusi, umeoza, unanuka. Aliwaambia waung'oe mwingine wowote watakaouchagua wao. Hakuna aliyenyanyuka. Mwenyekiti wa kamati alisema, "Mama, mizizi si ushahidi. Ushahidi ni nyaraka." Na nyaraka zilionyesha kwamba msimamizi wa shamba lile, kwa saini, alikuwa yeye. Ripoti yake ya mashimo matatu haikupatikana kwenye faili. Ikaandikwa kwamba miche ilikufa kwa kukosa huduma ya mtaalamu.

Alihamishiwa Nachingwea kutunza ghala la mradi. Ndani ya ghala kulikuwa na magunia matupu, mabomba mabovu ya kupulizia dawa na bango la uzinduzi wa Mbwemkuru. Alikaa humo na daftari la mahudhurio mpaka mradi ulipofungwa, na ulipofungwa wenzake walirudi makwao au wakapata miradi mingine, lakini yeye hakuna mradi uliomtaka, kwa sababu kila barua ya maombi ilifuatwa na simu, na kila simu ilijibiwa na mkuu wake wa zamani. Akabaki Nachingwea. Alilima muhogo kwenye kiwanja cha kuazima, na wakulima wakawa wanamfuata wenyewe, wengine kutoka Likunja mpaka huko, wamembebea udongo kwenye mifuko ya plastiki. Nilimtembelea mara moja, miaka miwili iliyopita. Nilikwenda na nia ya kuomba msamaha, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri kama kawaida yangu. Alinikaribisha, akanichemshia muhogo, na kabla sijaanza aliniambia, "Mwalimu, kama umekuja kwa ile makala, usijisumbue. Mimi niliisoma nikaiacha. Waandikie akina mama wa Mbwemkuru." Nilisema nitaandika. Nilirudi Ruangwa, yakaja mambo mengine, na sikuandika.

Mazishi yalikuwa Alhamisi, hapohapo Nachingwea, maana ndugu zake walisema safari ya kumrudisha Njombe hawaiwezi. Mkuu wake wa zamani alikuwapo, amenenepa, na alipewa nafasi ya kusema. Alisema marehemu alikuwa mwanamke wa vitendo, mzalendo, mtaalamu ambaye mradi ulijivunia. Alisema daima atakumbukwa kwa uthubutu wake. Watu waliitika vizuri. Waswahili husema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Huyu alinyongwa kwanza, haki yake ikaletwa makaburini, na aliyeileta alikuwa mnyongaji. Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama nikasema neno. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki, nikatazama viatu vyangu.

Wakati watu wanatawanyika alinijia mama mmoja aliyevaa hijabu nyeusi, wa makamo, kama miaka hamsini, akaniamkia shikamoo mwalimu. Nikaitikia marahaba. Alikuwa mmoja wa wale wa kikundi cha Mbwemkuru. Walikuja wanane, Waislamu watupu, kwenye mazishi ya Mkristo, na walikuwa wamesimama nyuma kabisa muda wote. Nilimwuliza habari za bonde. Aliniambia kwamba wameomba warudi kulima mpunga wao, lakini wakati wa mradi ardhi ile iliandikishwa kuwa ya mikorosho, na mradi umekufa na nani wa kuifuta hiyo hati hajulikani. Sasa inaota magugu, wao wananunua mchele dukani. Hakuonyesha hasira. Alisema yale kama anayetoa taarifa kwenye kikao.

"Yule mama alitwambia," alisema. "Alituingiza mule shimoni tukashika kwa mikono. Mimi mwenyewe niliuminya ule udongo, nikajua. Halafu mwenyekiti wetu akaja na gazeti, akatusomea. Wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu, mwalimu. Tukasema mwalimu hawezi kudanganya, na maneno yake yamechapwa."

Akanitazama kidogo, akauliza, na naamini aliuliza kwa kutaka kujua tu, "Siku ile ulipokuja, uliyaona yale mashimo?"

Nilimwambia sikuyaona. Ukweli ni kwamba yalikuwa hatua mia moja kutoka kwenye turubai la wageni, na hakuna aliyenizuia kwenda. Jua lilikuwa kali, viatu vyangu vilikuwa vipya, na nilikwisha kujua ninachotaka kuandika. Alitikisa kichwa mara moja, akaniaga vizuri, akaenda kuungana na wenzake kutafuta gari la kuwarudisha.

Basi haya ndiyo bibi shamba aliyoniagiza niyaandike, na yamechelewa. Akina mama wa Mbwemkuru, bibi shamba aliwaambia kweli, mimi niliwaambia uongo, na mpunga wenu mliupoteza kwa kuniamini mimi. Kwa wengine mnaosoma, somo ninaloweza kulitoa ni dogo na nimelilipia kwa heshima ya mtu mwingine. Akija mtu kijijini kwenu na miche, hotuba na bango, mwombeni kwanza ashike jembe achimbe pale anapotaka mpande, mshuke naye shimoni, mguse. Mkikuta chini pagumu, msikubali kusomewa chochote kilichoandikwa na mtu ambaye hajachafua viatu vyake. Nami ni miongoni mwa watu hao.